Mwenye Deni na Marehemu Aje: Maneno Niliyosema Majengo Kuhusu Tangazo la Wadai

Asalaam aleikum, na wasiokuwa waislamu hamjambo nyote. Wazee shikamooni. Kina mama mlioko huko nyuma sogeeni, feni ziko huku mbele na hili joto la leo si la kuvumilia.

Nliombwa niongee kuhusu mirathi yote na mie nkakataa. Mirathi ni pana, saa moja haitoshi hata kumaliza fungu la mke na la mabinti, na hapo watu washaanza kuzozana. Nkawaambia waandalizi ntaongea jambo moja tu, jambo lenyewe laja kabla ya mafungu na ndilo watu huliruka. Madeni. Marehemu alikuwa adaiwa, sasa wale wanaomdai waitwe vipi, na wapewe muda gani, kabla hamjagawa hata kijiko.

Nyote mwaijua ile desturi yetu. Maiti ashazikwa, talkini ishasomwa, kabla watu kutawanyika mmoja wa familia yuasimama pale makaburini Kikowani aseme jamani marehemu alikuwa binadamu, aliyekosewa amsamehe, na kama kuna anayemdai aje kwetu sisi watoto wake tutalipa. Watu waitikia, wenda zao. Ni desturi nzuri na msiiache hata siku moja. Lakini hebu jiulizeni, pale makaburini nani amesikia? Wanaume. Na tena wanaume waliopata habari mapema maana sisi twazika haraka, mtu akifa alfajiri adhuhuri ashazikwa, aliyeko Malindi au Dubai hata hajapiga simu ya pole. Wanawake hawendi makaburini. Na sasa nambieni, kwa hapa mjini kwetu, nani anayedai watu zaidi? Si kina mama hawa? Mama wa chama, mama anayekopesha vitenge na madera, mama wa mahamri ambaye mzee amekula kwake mwaka mzima aandika daftarini, na mkubwa wao wote mjane mwenyewe anayedai mahari yake. Hao wote tangazo la kaburini halikuwafikia.

Mjane nitarudi kwake. Kwanza nitoe hii sumu ya matangazo mawili, maana hapa ndipo watu wanapopotea, hata wasomi, hata baadhi ya mawakili wachanga msinitaje.

Mkienda mahakamani kuomba usimamizi wa mali ya marehemu, sheria ya mirathi ya Kenya, sura ya 160, kifungu cha 67, yasema granti, yaani ile karatasi ya mahakama ya kukupa usimamizi, haitoki mpaka litolewe tangazo, na watu wapewe siku zisizopungua 30 kuleta pingamizi. Tangazo hilo huchapwa kwenye Gazeti Rasmi la serikali, lile linalotoka kila Ijumaa. Sasa watu wakiona jina la baba yao limetoka gazetini, siku 30 zikapita, hakuna aliyesema kitu, wasema alhamdulillahi, hakuna anayemdai, tugawe. Hapana jamani! Lile tangazo halikuuliza nani anamdai marehemu. Limeuliza kama kuna mtu ana sababu ya kusema huyu anayeomba asipewe granti. Ukiona ndugu yako hafai kusimamia mali, hapo ndio mahali pa kusema. Muuza duka anayedai elfu themanini yeye hana haja na nani atakuwa msimamizi, yeye ataka pesa zake tu, kwa hivyo hata akilisoma hatopinga chochote, na haki yake iko pale pale.

Tangazo la wadai ni lingine kabisa. Asili yake ni huko Uingereza, kwao wana sheria ya wadhamini, yaani watu wanaoshika mali kwa niaba ya wengine, ya mwaka 1925, kifungu cha 27, msimamizi hutoa tangazo kwenye London Gazette na kwenye gazeti la sehemu ile kama marehemu aliacha ardhi, asema nakaribia kugawa mali ya fulani, mwenye dai lolote anitumie, na awape watu muda usiopungua miezi miwili. Sisi sheria yetu ya wadhamini, sura ya 167, imebeba mpango huo huo. Na wala si kitu kigeni hapa pwani, Gazeti Rasmi lenyewe lilianza 1899 wakati makao ya serikali ya waingereza yako hapa hapa kisiwani Mombasa na Nairobi ni kambi ya reli tu, basi haya mambo ya kutangaza mirathi kwenye karatasi ya serikali ni ya zamani kuliko huo mji mkuu wenu.

Ukitaka kuona linavyokaa, fungua gazeti lolote la serikali kwenye intaneti, yasomeka bure, tafuta matangazo ya Pablik Trastii, yaani ile ofisi ya serikali inayosimamia mali za waliokufa kama hakuna mwengine wa kusimamia. Wao hawaruki hatua hii. Wapanga majina ya marehemu, wasema wote wenye madai wayathibitishe kwetu ndani ya miezi miwili, baada ya hapo madai yaliyothibitishwa yatalipwa na mali itagawanywa kwa mujibu wa sheria. Serikali yenyewe yajikinga namna hiyo, wewe mtoto wa Majengo wajitia ujasiri gani?

Nasema kujikinga kwa sababu hilo ndilo lengo lake. Sikilizeni kwa makini. Msimamizi wa mirathi, kifungu cha 83, ana wajibu wa kutafuta madeni yote ya marehemu na kuyalipa kutoka kwenye mali. Kutafuta, sio kungoja yamfuate mlangoni. Kifungu cha 86 chasema deni lililo halali hulipwa kabla ya kumpa mtu chochote alichousiwa. Akigawa mali bila kulipa, mdai akija baadaye aweza kumshika yeye msimamizi mwenyewe, mfuko wake, mshahara wake. Tuchukue mfano wa kubuni. Mzee ameacha nyumba na shilingi laki sita benki, watoto wanne. Mtoto mkubwa ndiye msimamizi, laki sita ishatoka, wamegawana, mmoja kanunua bodaboda, mmoja kamaliza ada, mmoja sijui alifanya nini na hatuulizi. Mwezi wa tano yuaja mtu na karatasi imetiwa sahihi na mashahidi wawili, amdai mzee laki mbili unusu. Sasa? Ndugu wote simu hazishikiki. Anayeitwa mahakamani ni yule aliyepewa granti.

Lakini kama angetoa lile tangazo, akangoja ile miezi miwili, mdai asijitokeze, na yeye msimamizi kwa kweli hakujua kuna deni hilo, basi yeye mwenyewe yuko salama. Mdai hapotezi kila kitu, aweza kuwafuata wale waliopokea mali, ila yule msimamizi hashikwi kwa mali aliyogawa bila kujua. Na hapo pana sharti lake, lile neno hakujua. Kama wajua baba alikopa kwa yule mpemba wa duka la kona, na kila siku wampita amekaa kibarazani, hulindwi na sheria kwa kujifanya bubu eti nilitangaza gazetini hakuja. Deni unalolijua unalilipa, tangazo ni la yale usiyoyajua.

Najua kuna mtu hapo anasema moyoni, haya ni ya mahakama kuu, sisi waislamu twenda kwa Kadhi. Ni kweli katiba ya 2010 imempa Kadhi mambo ya urithi pale wote ni waislamu na wamekubali kwenda kwake, na mafungu yetu ni ya Qur'ani sio ya sura ya 160. Lakini ile sheria kifungu cha 2 chasema sehemu ya saba, ile ya usimamizi wa mali, yamhusu kila muislamu pia, mradi haigongani na sharia. Na kwenye madeni yagongana wapi? Suratun Nisaa, aya ya mirathi, kila ikitaja fungu yarudia: baada ya wasia uliousiwa au deni. Na kwenye Baqara ile aya ndefu kuliko zote ndani ya Qur'ani yahusu kuandika deni! Hapa mahakama na msikiti zasema neno moja. Wanaogongana nazo ni sisi tunaomuona Kadhi Jumatatu atupe hesabu ya mafungu na Ijumaa tushagawana.

Sasa mjane. Mahari ambayo mume hakumaliza kulipa ni deni. Mke ni mdai kama benki ilivyo mdai. Akiwa alitajiwa laki moja kwenye nikaha na hakupewa, laki moja hiyo yatolewa kutoka kwenye mali yote pamoja na madeni mengine, kisha wasia usiozidi thuluthi, kisha ndio aje achukue thumni yake kama kuna watoto. Ninavyoona mimi kwenye mafaili, mjane hukaa eda ndani, kina kaka wanahesabu sebuleni, na hakuna hata mmoja anayemuuliza mahari ulipewa? Yeye naye aona haya kusema. Kina mama nawaomba, semeni. Hamumdhulumu marehemu, mwamsaidia, maana mwajua hadithi ile kwamba roho ya muumini hubaki imening'inia kwa deni lake mpaka lilipwe. Kuhusu zaka aliyoacha na hija ambayo ilikuwa imemuwajibikia hilo waulizeni masheikh, mimi si sheikh, ila kwa madhehebu yetu ya Shafii nayo huhesabiwa madeni, msiyadharau.

Madeni mengine ya mji huu mwayajua lakini hamuyahesabu. Nyumba bila ardhi. Nusu ya mtaa huu nyumba ni ya mzee lakini ardhi ni ya mtu mwengine, na ile kodi ya ardhi pengine haijalipwa miaka na mikaka. Hilo ni deni, na mwenye ardhi ni mdai, muandikieni barua moja kwa moja msingoje asome gazeti. Kodi ya kaunti kwa wale wenye hati zao. Mikopo ya sako, na hapa kuna jambo, kabla hujalipa shilingi uliza kama ule mkopo ulikuwa na bima, mikopo mingi ya benki na sako huwa ina bima ya kifo, familia hailipi chochote ila yapeleka cheti cha kifo na fomu. Kuna watu wameuza viwanja kulipa mkopo ambao bima ingeumaliza. Kama haina bima, wale wadhamini wa sako watakatwa wao, na aliyekatwa yuageuka mdai wenu. Fuliza na mikopo ya simu ni midogo lakini ni deni vile vile. Bili ya hospitali. Karo ya madrasa. Mshahara wa kijana wa tuktuk wa miezi miwili ya mwisho, huyu ndiye hudhulumiwa zaidi maana hana karatasi hata moja.

Na msisahau upande wa pili, wanaodaiwa na marehemu. Sheria yamtaka msimamizi akusanye pia. Wapangaji, binamu aliyekopeshwa nauli ya kwenda Oman, mteja aliyechukua mbao. Hawa hawajitokezi makaburini hata siku moja, na ukimfuata akwambia marehemu alinisamehe. Alikusamehe mbele ya nani?

Haya, muda. Watu huogopa kwamba tangazo la wadai litachelewesha. Hesabuni nami. Tangazo la kwanza siku 30. Granti yatoka. Kisha kifungu cha 71, kwa kawaida hungoja miezi sita toka granti itoke ndipo uombe ithibitishwe, na kabla haijathibitishwa huruhusiwi kuuza nyumba wala shamba hata dalali akuletee mteja mwenye begi la pesa. Kwa hivyo una miezi sita umekaa bure. Toa tangazo la wadai wiki ya kwanza baada ya granti, miezi miwili iishe, una miezi minne ya kukagua madai na kulipa, na ndani ya hiyo miezi sita mahakama yataka ulete orodha kamili ya mali na madeni. Hujachelewa hata siku. Uvivu tu ndio watuchelewesha.

Maneno ya tangazo si magumu. Andikeni hivi, au mfano wake: Yeyote mwenye dai lolote juu ya mali ya marehemu fulani bin fulani, aliyekuwa akikaa mtaa fulani Mombasa, aliyefariki tarehe fulani, alete dai lake kwa maandishi pamoja na ushahidi kwa msimamizi, anuani hii, kabla ya tarehe fulani, na hiyo tarehe isiwe chini ya miezi miwili toka siku ya kuchapwa. Baada ya tarehe hiyo mali itagawanywa kwa warithi kwa kuzingatia madai yale tu ambayo msimamizi atakuwa ameyajua. Mwisho. Wekeni jina lake la mtaani pia kama alijulikana kwalo, maana mtu wa pwani aweza kukaa miaka hamsini hakuna anayejua jina lake la kwenye kitambulisho. Hilo lende Gazeti Rasmi na gazeti la kila siku, hapo mmetimiza sheria. Kisha nakala kwa chifu, ubao wa msikiti au kanisa, magrupu ya WhatsApp ya familia na mtaa, na mama mmoja mwenye sauti aende kwenye vyama. Gazeti lakukinga mahakamani, lakini aliyekopesha mahamri hatalisoma.

Madai yakija msibishane msibani. Pokea, mpe mtu karatasi kwamba umepokea, mwambie alete daftari, meseji za M-Pesa, mashahidi. Lililo wazi lipeni. Lenye ubishi mwambie kwa heshima aende akathibitishe mahakamani au kwa Kadhi.

Na kama mali haitoshi? Hapa watu hulipa anayepiga kelele zaidi, au shemeji kwanza. Usifanye hivyo. Gharama za mazishi na za kusimamia mali hutangulia, mwenye rehani anayo rehani yake, na wale wa kawaida walio daraja moja wagawiwa kwa kiwango, kila mtu apate kadiri ya deni lake. Ukiona mapema mali haitafika, simama, muone wakili kabla hujalipa hata mmoja. Na hapo kwenye mazishi sheria imesema gharama za kadiri. Sanda, kaburi, gari, hizo ndizo. Masufuria ishirini ya biriani ya hitima ya arubaini si gharama za mazishi, wallahi mniwie radhi, kama watoto wataka kupika wapike kwa pesa zao, sio pesa ambazo mama wa chama bado yuadai.

Lengine la haraka. Baba kafa, simu yake iko na mtoto, namba ya siri yajulikana, mtoto atoa pesa M-Pesa anunue vitu vya msiba. Nia njema, lakini kabla ya granti hiyo ni kuingilia mali ya marehemu, kifungu cha 45, faini mpaka shilingi elfu kumi au jela mpaka mwaka mmoja au vyote viwili, na juu ya hayo utarudisha ulichogusa.

Maswali yalikuwa mengi, nayaandika mawili.

Mzee mmoja aliuliza, mimi ndiye ninayedai, na familia imenyamaza mwaka wa pili, hawaombi granti hawasemi kitu, n'fanye nini? Mzee wangu, usingoje mpaka miaka sita iishe, maana deni la mkataba lina muda wake mahakamani na baada ya hapo unaweza kuwa na karatasi isiyokwenda popote. Peleka barua kwa familia kwanza. Wakinyamaza, wakili wako aweza kuwaita kupitia mahakama waseme kama wataka usimamizi au hawautaki. Na wakiukataa, kifungu cha 66 kimempanga mdai kwenye foleni ya wanaoweza kuomba granti wenyewe, ni wa mwisho baada ya mume au mke, warithi na Pablik Trastii, lakini yumo.

Dada mmoja akauliza, marehemu kaka yake alikuwa London, ana nyumba kule na kiwanja Nyali, granti ya hapa yatosha? Haitoshi kwa ile nyumba ya kule dada yangu. Mali ya Uingereza yasimamiwa kwa utaratibu wa Uingereza, na tangazo lake la wadai lende London Gazette na gazeti la mtaa ilipo nyumba, miezi miwili kama nlivyosema. Kiwanja cha Nyali tangazo lake ni huku. Ni matangazo mawili kwa maiti mmoja, na gharama zote mbili hutoka kwenye mali, sio mfukoni mwako, kwa hivyo weka risiti.

Nakala ya lile tangazo nimeiacha kwa katibu pale mlangoni, pigeni picha kwa simu, msichukue karatasi yenyewe ni moja tu.